Kumi na Tatu

Wiki mbili kabla ya kufariki, babu yangu hakuwa akimtambua mtu yeyote tena, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa bado uko kazini. Alilala chali katika chumba cha nyuma, nyumbani kwetu Tanga, na mkono ule ukienda mbele na kurudi juu ya shuka, mbele na kurudi, kwa mwendo usiobadilika. Daktari aliyekuja kumwona alidhani ni mtetemeko wa ugonjwa. Shangazi yangu, aliyekuwa akimuuguza usiku na mchana, akamwambia, "Hapana, daktari. Baba anapiga randa."

Kila mkono ulipokwenda mbele, midomo nayo ilitoa neno. Wakubwa walikaa kando ya kitanda wakimtamkisha shahada, kama inavyopasa, naye bila ubishi, bila hata dalili ya kuwasikia, aliendelea na neno lake: wahiguru, wahiguru, wahiguru. Jirani mmoja aliuliza kama ni Kihindi. Mwingine akanong'ona kwamba huenda mzee aliwahi kufanyiwa mambo. Shangazi akatutoa vijana nje na kufunga mlango. Baada ya arobaini alituita tena, akatuambia kwamba lile neno hatutaki kulisikia likitajwa katika ukoo.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasoma historia, na nililijua neno lile tangu utotoni. Babu alijifunza useremala miaka ya 1950 katika karakana ya kalasinga mmoja pale Tanga. Alipenda kutusimulia kwamba fundi wake alikuwa akipiga randa huku akinong'ona, na wanagenzi wote waliamini anahesabu mikupuo. Babu akaamua kujifunza kuhesabu Kihindi kwa kumsikiliza. Alisikiliza mwezi mzima. "Nikagundua Wahindi wana namba moja tu," alikuwa akisema, kisha anacheka mpaka anakohoa.

Sasa niko shahada ya uzamili, na utafiti wangu ni wa mafundi wa Kipunjabi waliokuja na reli ya Uganda na waliowafuata baadaye. Takwimu zake nazijua kwa moyo: kati ya 1896 na 1901 waliajiriwa kwa mkataba watu zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 wakafia kazini. Wengi walirudi kwao. Baadhi walibaki, wakafuatwa na ndugu, na miongoni mwao walikuwamo maseremala, wahunzi na waashi wa Kisikh wa jamii ya Ramgarhia, ambao kwao ufundi ni kazi ya kurithi. Nyaraka za kikoloni zinanieleza walilipwa kiasi gani, walikula nini, na walipougua waliugua nini. Hazisemi lolote kuhusu mtu anayenong'ona neno moja juu ya ubao wa mvule kutwa nzima. Ilibidi niende nyuma zaidi kuliko reli, na mbali zaidi kuliko Mombasa.

Mwanzoni mwa hadithi hii yumo mtu mwingine ambaye watu walidhani anahesabu. Nanak alizaliwa mwaka 1469 katika kijiji cha Talwandi, Punjab, mahali ambapo leo panaitwa Nankana Sahib na pako Pakistan. Alipokuwa kijana alipelekwa mji wa Sultanpur, kwa dada yake na shemeji yake, akapata kazi ya ukarani wa ghala katika utawala wa Daulat Khan Lodi. Kazi yenyewe ilikuwa kupima nafaka. Wasikh wanasimulia kwamba siku moja alikuwa akipima na kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka akafika kumi na tatu. Kwa Kipunjabi kumi na tatu ni "tera". Lakini "tera" pia ni "yako" au "wako". Nanak aliposikia kinywa chake mwenyewe kikisema "yako", hakuweza kuendelea na kumi na nne. Akaendelea kupima na kumimina, tera, tera, tera, huku wateja wakijaza magunia. Wivu ukapeleka mashtaka, ghala likakaguliwa, na hesabu haikupungua hata punje.

Niliposoma kisa hicho mara ya kwanza nilikuwa maktaba, na nilitoka nje kwenda kusimama chini ya mwembe kidogo.

Niseme mapema kwamba msimamizi wangu hakukipenda. "Hicho si chanzo," alisema, na kwa vipimo vya kazi yetu alikuwa sahihi. Visa vya maisha ya Nanak viko katika masimulizi yanayoitwa janamsakhi, na mojawapo ya miswada yake inayojulikana sana, ule wa B40 uliohifadhiwa London, ulikamilika mwaka 1733, karibu miaka 200 baada ya Nanak kufariki. Mtu aliyelivalia njuga tatizo hili kuliko wote ni W. H. McLeod, mtu wa New Zealand aliyekwenda Punjab kama mwalimu wa misheni na kuishia kuwa mwanahistoria wa Usikh. Katika kitabu chake cha 1968 alivichambua visa hivi kimoja kimoja, akavipanga katika mafungu matano: vilivyothibitika, vinavyoelekea kuwa kweli, vinavyowezekana, visivyoelekea, na visivyowezekana kabisa. Alichobaki nacho mkononi kuhusu maisha ya Nanak kilikuwa kidogo mno, kinatosha aya chache tu. Wasikh wengi walimkasirikia kwa hilo, na hasira hiyo ilidumu miaka mingi.

Namheshimu McLeod. Ila kuna jambo watu husahau wanapomnukuu: nusu ya pili ya kitabu hicho haihusu visa, inahusu mafundisho, na hapo hakupungukiwa na ushahidi. Kwa sababu maneno ya Nanak mwenyewe, tofauti na maisha yake, yapo. Yalihifadhiwa na warithi wake, na mwaka 1604 Guru wa tano, Arjan, akayakusanya pamoja na ya Maguru wengine katika kitabu kimoja, akikisoma kwa sauti na Bhai Gurdas akiandika. Kitabu hicho, Guru Granth Sahib, leo kina kurasa 1,430, na karibu chote kimepangwa kwa kufuata raga, yaani mtindo wa muziki wa kuimbia. Kwa hiyo siwezi kujua kama Nanak alikwama kwenye kumi na tatu. Ninachoweza kujua ni kile alichofikiri kuhusu kukwama kwa namna hiyo.

Kisa cha pili ni cha mto. Inasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka 30 hivi, Nanak alikwenda alfajiri kuoga katika mto Bein, unaopita Sultanpur, akazama. Nguo zake zilibaki ukingoni. Watu walikokota nyavu, wakamlilia. Siku ya tatu akatoka majini, akakaa kimya, na alipofungua kinywa alisema hakuna Mhindu wala Mwislamu. Baada ya hapo akaacha ghala na kuanza safari za miaka mingi akiwa na Mardana, mpiga rababu Mwislamu, aliyekuwa rafiki yake tangu kijijini.

Wanaoandika kuhusu tasawufi na elimu za siri za dini hupenda mto huu. Unafanana na mapango na milima ya manabii wengine, na mtu anaweza kuandika sura nzima kuhusu siku tatu ambazo hakuna aliyeziona. Mimi naona uzito hauko majini. Uko kwenye swali la alikwenda wapi alipotoka. Siku zile njia ya mtu aliyeguswa namna hiyo ilijulikana: unapanda milimani, unajipaka majivu, unatoboa masikio na kuvaa pete nzito, unajifunza kuizuia pumzi. Hao walikuwa mayogi wa Nath, na walikuwa kila mahali Punjab. Nanak aliwafahamu vizuri sana. Katika kitabu kitakatifu kuna utungo wake mrefu wa beti 73, Siddh Gosht, ambao wote ni mazungumzo kati yake na mayogi hao. Wanamhoji kwa heshima lakini kwa ukali: mwalimu wako ni nani, umetoka wapi, unavukaje bahari ya dunia?

Kinachonivutia ni kwamba Nanak hakuitupa lugha yao. Waliposema kuna mlango wa kumi mwilini, mbali na matundu tisa tunayoyajua, alikubali. Waliposema kuna sauti inayosikika bila chombo kupigwa, alikubali pia, na akaitaja tena na tena. Hata neno lao la hali ya juu kabisa, sahaja, ule utulivu usiolazimishwa, alilichukua. Alichokataa ni zana. Pete, majivu, mkoba, fimbo, vyote alivigeuza kuwa tabia: badala ya kuvaa kitu masikioni, ridhika, badala ya kujipaka kitu mwilini, tafakari. Na zaidi ya yote alikataa anwani. Hakuona kwa nini mlango wa kumi ufunguke pangoni na usifunguke shambani.

Akadhihirisha kwa miguu. Safari zilipokwisha alikwenda ukingo wa mto Ravi, akaanzisha makazi ya Kartarpur, akavua nguo za kisafiri na kulima. Aliishi na mke wake na wanawe. Watu walioamua kukaa naye waliamka kabla ya mapambazuko, saa ambazo Wasikh huziita amritvela, wakaimba na kutafakari, kisha wakaenda kazini. Jioni waliimba tena, na walikula pamoja, wamekaa chini safu moja, tajiri na fukara. Mwaka 1539, kabla ya kufa, alimteua mfuasi wake Angad kuwa mrithi na kuwaruka wanawe wote wawili. Mkubwa wao, Sri Chand, alikuwa mtawa asiyeoa, na waliomfuata wakawa Udasi, watu wa kuipa dunia mgongo. Ungeweza kusema dini nzima iliamuliwa katika uteuzi ule. Mtoto mcha Mungu aliyekaa peke yake akaachwa, akachukuliwa mtu mwenye familia.

Zoezi lenyewe linaitwa nam simrani. Nam ni jina. Simrani inatokana na mzizi wa Kisanskriti wenye maana ya kukumbuka. Hapa Mswahili yeyote aliyewahi kukaa kwenye halaka ya Qadiriya ananyoosha shingo, maana dhikiri nayo ni Kiarabu cha kukumbuka. Mizizi hii miwili haina undugu, lakini watu wa pande zote mbili, walipotafuta jina la tendo la kumtaja Mungu tena na tena, waliona kinachofanyika hapo si kuomba kitu wala kusifu. Ni kupambana na kusahau.

Na undugu wa kweli wa maneno upo pia. Punjab ya Nanak ilikuwa imekaa chini ya watawala Waislamu kwa karne kadhaa, na Kiajemi kilikuwa kimeingia hadi sokoni kikibeba Kiarabu mgongoni. Ndiyo maana maneno mazito ya mafundisho yake mengine tunayo sisi, yaliyotufikia kwa jahazi badala ya msafara wa farasi. Mpango wa Mungu unaoendesha kila kitu anauita hukam: hukumu. Jicho la huruma ambalo Mungu humtupia mja ni nadar: nadhari. Uwezo wake unaoonekana katika maumbile ni kudrat: kudura. Mungu mwenyewe ni sahib, sahibu. Nilikuwa najifunza istilahi za dini ya mbali nikiwa na kamusi ya nyumbani.

Haya si mapambo ya mwanafunzi wa lugha tu. Kuna mahali yanaleta ubishi halisi. Japji, utungo wa Nanak ambao Msikh mwenye kushika dini husoma kila alfajiri, una beti 38, na karibu na mwisho wake anaeleza maeneo matano ambayo nafsi hupitia. La kwanza ni la wajibu, dunia hii ya usiku na mchana ambamo kila mtu ana kazi yake. La pili ni la elimu, mtu anapoona ukubwa wa ulimwengu na kushangaa. La tatu linaitwa saram, na hapo wafasiri wanagawanyika: wengine wanasema ni juhudi, kwa Kisanskriti, wengine wanasikia neno la Kiajemi la haya na unyenyekevu. La nne ni karam. Ukilisoma kwa Kisanskriti ni matendo, ile karma inayojulikana na kila mtu. Ukilisoma kwa Kiajemi kilichotoka kwenye Kiarabu, ni ukarimu wa Mungu, neema. La tano ni la kweli, na Nanak anasema kulielezea ni kugumu kama chuma.

Basi je, mtu anafika lango la tano kwa matendo yake au kwa kupewa? Wanazuoni wengi leo wanaegemea kwenye neema, na sikio langu la Kiswahili halina njia nyingine: nasikia karama, nasikia karamu. Mtu hajipiki karamu ya kualikwa. Lakini nadhani Nanak, aliyejua lugha zote mbili za mtaa wake, hakuandika neno lile bila kusikia pande zote.

Adui katika mafundisho haya si mwili wala shetani. Ni haumai, neno lililoungwa kwa "mimi" na "mimi", ile hali ya kila jambo kunizunguka mimi. Simrani ni dawa yake. Hata hivyo Nanak ni mkali kwa mtu anayetaja Jina kwa ulimi huku moyo uko sokoni; kwake huyo ni kasuku tu, tena mwenye tasbihi. Nilipofika hapa nilikwama, kwa sababu ndilo swali la chumba cha nyuma kule Tanga. Mkono wa babu na midomo yake: ulikuwa ulimi tu, mazoea ya misuli yaliyobaki baada ya mwenye nyumba kuhama? Au ndicho kitu pekee ambacho hakikuhama?

Kuna kisa cha karne ya 20 ambacho McLeod angekiweka katika fungu la kwanza, na ambacho nakipenda kwa sababu hakimpi mtu ushindi. Bhai Randhir Singh, aliyezaliwa 1878, alikuwa mtu wa simrani ya nguvu, ya saa nyingi, ya kuimba usiku kucha. Alikuwa pia mpinzani wa Waingereza, na mwaka 1915 alikamatwa kwa kuhusika na njama za uasi zilizofungamana na chama cha Ghadar. Akahukumiwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani hadi 1930, na barua zake za huko zilikuja kuchapishwa na kusomwa sana. Wanaosema tafakuri ni kwa watu waliochoka na siasa wajaribu kumpanga huyu mahali pake. Wala hakuwa wa kwanza: Guru Arjan, aliyekusanya kitabu, aliuawa Lahore mwaka 1606, na Guru wa tisa, Tegh Bahadur, anayekumbukwa kwa miaka mingi ya ukimya na kwa tungo zake kuhusu upitaji wa dunia, alikatwa kichwa Delhi mwaka 1675.

Oktoba 1930, wakati wa kuachiwa kwake, Randhir Singh alikutana katika gereza la Lahore na mfungwa mwingine, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akisubiri hukumu: Bhagat Singh, mwanamapinduzi mashuhuri kuliko wote wa India wakati ule, mtoto wa familia ya Kisikh, na mkanamungu. Mzee alijaribu kumrudisha. Aliposhindwa alimwambia kwamba umaarufu umemlevya, kwamba kilichosimama kati yake na Mungu ni majivuno. Yaani haumai. Bhagat Singh akaandika insha ndefu kueleza kwa nini haamini, na sehemu yake ya kwanza yote ni kujitetea dhidi ya shtaka hilo hilo moja: kwamba si majivuno. Anakiri ni rahisi kufa ukiwa na Mungu wa kuegemea, na kwamba yeye amechagua kwenda bila. Walimnyonga Machi 23, 1931.

Nimesoma insha ile mara nyingi na kila mara nahisi kwamba watu wale wawili walikuwa wanazungumza kuhusu jambo moja, jinsi ya kufa bila "mimi" kuziba njia, na kwamba hakuna kati yao aliyeweza kumwona mwenzake kupitia lile neno.

Mwaka jana nilikwenda Makindu. Gurudwara ya pale, iliyojengwa 1926 wakati mji ulikuwa kituo cha reli, bado inampa chakula na malazi bila malipo msafiri yeyote wa barabara ya Mombasa na Nairobi. Madereva wa malori wanaijua kuliko wanahistoria. Nilikula dengu na chapati, nimekaa kati ya konda wa basi na mama aliyekuwa anakwenda kumwona mtoto hospitali, nikafikiria Kartarpur. Zaidi ya hapo sikupata kitu cha kuandika, na sitajifanya nilipata.

Kilichonisaidia kilitokea Dar es Salaam, kwa mzee mmoja wa Kisikh aliyekubali nimhoji. Baba yake alikuwa fundi mbao. Nilimweleza nadharia yangu, ambayo tayari nilikuwa nimeiandika katika sura ya pili: kwamba simrani iliwapa mafundi wahamiaji faraja katika mazingira magumu ya kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai.

"Faraja?" alisema. "Mwanangu, baba yangu alilalamika kila siku ya maisha yake. Mgongo unauma, wateja hawalipi, mwanawe mvivu. Simrani haikumfariji. Alifanya kwa sababu alfajiri imefika. Kisha karakanani aliendelea, kwa sababu randa nayo ina pumzi. Unasukuma, unatoa. Unarudisha, unavuta. Neno linakaa humo lenyewe." Akanionyesha kwa mkono juu ya meza, na nikaona mkono wa babu.

Nikamwuliza maana ya neno. Akasema Nanak mwenyewe hakung'ang'ania jina moja, kwamba katika kitabu Mungu anaitwa Ram na Hari, anaitwa pia Allah na Khuda, na kwamba hili la Wahe Guru lilishika baadaye. Guru ni mwalimu. Na wahe? "Hiyo si jina," alisema. "Ni kile mtu anachosema akiona kitu kikubwa. Wah! Ninyi mnasemaje? Lo!"

Ndipo nikamsimulia habari za babu. Nilikuwa sijawahi kumsimulia mtu nje ya familia. Nilitaka aniambie kama inahesabika, Mwislamu kufa na neno lile mdomoni, kama kwao ni kitu au si kitu. Alikaa kimya muda mrefu, akauliza, "Alikuwa anaranda mbao gani?"

"Mvule, nadhani. Mara nyingi walifanyia kazi mvule."

"Mvule mgumu," alisema, kisha tukazungumza kuhusu bei ya mbao.

Niliifuta sura ya pili. Kisha nikampigia simu Shangazi, ambaye kwa miaka hii yote nilikuwa nimetii amri yake. Nilimpa shikamoo, nikamwuliza hali, nikazunguka kote nikaishiwa pa kuzunguka, nikamwambia ninachoandika. Nilimwambia neno lile maana yake ni kama lo, ee Mwalimu. Nilimwambia kuhusu kumi na tatu. Alikuwa jikoni, nilisikia sufuria ikiwekwa chini.

"Ule mkono," alisema baadaye, "ulisimama alfajiri ile ya mwisho. Ninyi mlikuwa mmelala. Nikajua. Nikainama sikioni, nikasoma shahada, nikasoma tena. Midomo ilicheza." Akanyamaza. "Niliwaambia watu nimeisikia. Ujuwe hilo. Niliwaambia wote nimeisikia akiitamka. Sikusikia kitu. Ilicheza tu."

Sikujua la kusema. Nikamwambia Mungu anajua.

"Anajua," alisema. "Hilo usiliandike." Kisha, kabla sijajibu, "Au liandike. Lakini jina langu uliache nje."